Stempu za shilingi 5 na 8: utafiti wa hisabati unavyofanywa

Swali tunaloulizwa kuliko yote, sisi tunaolipwa kufanya hisabati halisi, ni hili: bado kuna nini cha kutafiti? Mbili na mbili si ni nne? Anayeuliza hana kosa. Shuleni alipewa kanuni, akaingiza namba, na majibu yalikuwa nyuma ya kitabu. Hakuwahi kuona kanuni ikitafutwa, wala ikikosekana, wala watu wazima wenye shahada zao wakibishana kama uthibitisho fulani umetimia au una tundu. Kuieleza kazi hii kwa maneno ya jumla hakusaidii kitu. Tuchukue swali moja dogo, la kiwango cha darasa la saba, tulifuate kuanzia daftarini hadi mahali ambapo dunia nzima imekwama. Njia ni fupi kuliko inavyodhaniwa.

Una stempu za aina mbili tu, za shilingi 5 na za shilingi 8, nyingi kadiri utakavyo. Ni gharama zipi za kutuma barua unazoweza kuzilipa kamili, bila kuzidisha wala kupunguza?

Hatua ya kwanza ni kuandika, kwa mkono. Zinazolipika ni 0, 5, 8, 10, 13, 15, 16, 18, 20, 21, 23, 24, 25, 26, kisha 28, 29, 30, 31 na 32. Hapo unaweza kusimama, kwa sababu ukishapata tano mfululizo, kila namba inayofuata ni mojawapo ya hizo ikiongezewa stempu za 5. Zilizobaki, tuziite mapengo, ni 14: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 9, 11, 12, 14, 17, 19, 22 na 27. Pengo kubwa kuliko yote ni 27.

Wanafunzi wengi huruka hatua hii na kukimbilia kompyuta. Programu ya mistari michache itakupa 27 kabla hujameza mate, lakini itakupa 27 peke yake. Anayeandika kwa mkono huchoka, uchovu humfanya atafute njia ya mkato, na njia hiyo ya mkato mara nyingi ndiyo hisabati yenyewe. Panga namba katika safu tano kwa kufuata baki zinapogawanywa kwa 5. Katika kila safu kuna namba moja ya kwanza inayolipika, na kuanzia hapo kwenda chini zote zinalipika. Namba hizo za kwanza ni 0, 16, 32, 8 na 24. Huitwa seti ya Apéry, kwa jina la Mfaransa Roger Apéry, nazo zinabeba habari yote ya tatizo. Iliyo kubwa ni 32; toa 5, unapata 27. Sasa jibu unalo, na unaona limetoka wapi.

Kisha badilisha kimoja, kingine kikae palepale. Kwa stempu za 3 na 5, pengo kubwa ni 7. Kwa 3 na 7 ni 11. Kwa 3 na 8 ni 13. Ukiishikilia 3, jibu ni mara mbili ya namba ya pili kutoa 3. Ishikilie 4: ikiwa na 5 ni 11, ikiwa na 7 ni 17, yaani mara tatu kutoa 4. Ishikilie 5: ikiwa na 7 ni 23, ikiwa na 8 ni 27, mara nne kutoa 5. Kisio linajitokeza lenyewe: zidisha namba mbili, kisha toa jumla yake. Arobaini kutoa kumi na tatu, ishirini na saba.

Hapa wengi hushangilia mapema. Kisio lilitengenezwa kwa takwimu hizohizo, kwa hiyo kuzirudia si kulijaribu. Lijaribu kwa 7 na 11, ambazo hazikuwamo: linatabiri 59. Kaa chini uhakikishe kwamba 59 hailipiki, na kwamba 60 hadi 66 zote zinalipika. Ukimaliza, fanya jambo ambalo anayeanza halipendi: jaribu kulivunja. Chukua 6 na 9. Kisio linasema pengo kubwa ni 39. Lakini 39 yenyewe inalipika, sita tano na tisa moja. Na 40 hailipiki, wala 41, wala 1,000,001, kwa kuwa kila unacholipa hapo ni kigawe cha 3. Mapengo hayaishi. Kwa hiyo kuna sharti: kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili lazima kiwe 1. Masharti mengi unayoyakuta juu ya thioremu vitabuni yalizaliwa hivi, mtu alijaribu kuvunja kitu kikavunjika.

Uthibitisho sasa. Chukua a na b ambazo kigawo chao kikubwa cha shirika ni 1. Kila namba kamili n inaandikika kwa namna moja tu kama ax + by, x ikiwa kati ya 0 na b − 1, na y namba kamili yoyote, hata hasi. Kama y si hasi, n inalipika. Kama y ni hasi, n hailipiki. Basi ili kupata pengo kubwa, chukua x kubwa iwezekanavyo, b − 1, na y hasi iliyo karibu zaidi na sifuri, −1. Unapata a(b − 1) − b, ambayo ndiyo ab − a − b. Kwa 5 na 8: 5 × 7 − 8 = 27.

Soma tena aya hiyo kama mhakiki wa jarida angeisoma. Sentensi mbili zinahitaji kubanwa. "Kwa namna moja tu": kwa nini? Hapo ndipo sharti la kigawo linapofanya kazi, na kama hujaonyesha linapoingia, hujathibitisha. "Kama y ni hasi, n hailipiki": kwa nini isilipike kwa njia nyingine, ambayo x yake ni kubwa kuliko b − 1? Jibu lipo: ikiwa kuna njia ya kulipa yenye x kubwa, punguza x kwa b na ongeza y kwa a, rudia hadi x irudi ndani ya mipaka yake. Muda wote huo y inapanda, kwa hiyo haiwezi kuwa hasi, na kwa kuwa namna ni moja tu, ni y ileile. Mistari miwili, basi. Lakini rasimu nyingi za wanaoanza huweka mahali hapo maneno "ni wazi kwamba", na tumejifunza kuyapigia mstari maneno hayo popote yanapotokea, hasa kwenye maandishi yetu wenyewe. Kama jambo ni wazi, kuliandika hakuchukui dakika mbili. Likichukua saa mbili, halikuwa wazi.

Mambo haya yote yanajulikana tangu zamani. James Joseph Sylvester alishahesabu katika miaka ya 1880 kwamba idadi ya mapengo ni nusu ya (a − 1)(b − 1). Kwa upande wetu 4 × 7 gawa kwa 2, zile 14. Utafiti unaanza unapoongeza stempu ya tatu.

Kwa 6, 9 na 20, pengo kubwa ni 43. Tafuta kanuni kama ile ya kwanza; utajaza kurasa na hutaipata. Mwaka 1990 Curtis alithibitisha kwamba kwa aina tatu hakuna orodha yenye kikomo ya polinomia (kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha tu) ambayo, kwa kila chaguo la stempu, mojawapo itatoa jibu. Mwaka 1996 Jorge Ramírez Alfonsín akathibitisha kwamba idadi ya aina za stempu ikiachwa bila mpaka, tatizo linaingia katika kundi la yale yanayoitwa NP-gumu, ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kwa kompyuta katika hali zote. Majibu ya "haiwezekani" ni matokeo kamili, na mara nyingi ni magumu kuyapata kuliko "inawezekana". Pia yanaokoa muda: baada ya 1990, anayetafuta kanuni ya polinomia kwa aina tatu anajisumbua bure kwa sababu hakusoma.

Mlango wa kanuni ukifungwa, swali hubadilishwa. Huu ndio ujuzi ambao haufundishwi darasani kabisa. Badala ya kuuliza "ni ngapi hasa?", unauliza "haiwezi kuzidi ngapi?". Mwaka 1978 Herbert Wilf, Mmarekani, aliuliza hivi. Tuite kizingiti ile namba ambayo kuanzia hapo zote zinalipika. Ni pengo kubwa kuongeza 1. Hesabu namba zinazolipika zilizo chini ya kizingiti, 0 ikiwemo. Zidisha idadi hiyo kwa idadi ya aina za stempu, ukishaondoa stempu isiyo na kazi, kama ile ya 10 wakati ya 5 ipo. Je, jawabu linaweza kamwe kuwa dogo kuliko kizingiti? Dai kwamba haliwezi ndilo kisio la Wilf.

Kwa 5 na 8, zinazolipika chini ya 28 ni 14, mara 2 ni 28. Sawasawa na kizingiti, hakuna hata nafasi ya senti. Kwa 6, 9 na 20, kizingiti ni 44, zinazolipika chini yake ni 22, mara 3 ni 66. Wilf hakupata mfano kinzani, na hadi leo hakuna aliyeupata wala aliyethibitisha kwamba haupo.

Tuone mahali hasa panapokwamisha, maana hapo ndipo mtu anaweza kuelewa tunachofanya siku nzima. Chukua pengo lolote, liongezee stempu moja. Bado ni pengo? Ongeza nyingine. Mwishowe utafika kwenye pengo ambalo ukiliongezea stempu yoyote linageuka kuwa namba inayolipika. Hayo tuyaite mapengo ya ukingoni. Kwa stempu za 3, 5 na 7, mapengo ni 1, 2 na 4. Ya ukingoni ni 2 na 4. Lile la 1 si la ukingoni, kwani 1 na 3 ni 4, bado pengo. Kwa hiyo kila pengo ni pengo fulani la ukingoni kutoa namba fulani inayolipika iliyo chini ya kizingiti. Ikiwa mapengo ya ukingoni ni t, na namba zinazolipika chini ya kizingiti ni L, basi mapengo yote hayazidi t × L. Kizingiti ni mapengo yote kujumlisha L, kwa hiyo hakizidi (t + 1) × L.

Aina mbili za stempu: t ni 1, kizingiti hakizidi 2L, Wilf ameridhika. Aina tatu: inajulikana kwamba t haizidi 2, kizingiti hakizidi 3L, ameridhika tena. Aina nne: tungehitaji t isizidi 3. Na hapo njia inakatika. Katika makala ya Fröberg, Gottlieb na Häggkvist ya mwaka 1987 upo mfano wa Backelin unaoonyesha kwamba kwa aina nne t haina mpaka. Unaweza kuifanya kubwa kadiri upendavyo.

Tofautisha mambo mawili hapo. Kisio la Wilf halijavunjika kwa aina nne. Kilichovunjika ni hoja yetu. Mtafiti mchanga huchanganya hayo mawili kila mara, akiona hoja imekufa anadhani na kisio limekufa, au kinyume chake anaendelea kuikarabati hoja ambayo mfano wa Backelin umeshaifungia. Swali linalofaa ni: katika mifano hiyo yenye t kubwa, L nayo ni kubwa kwa sababu gani, na mahesabu yetu yanapoteza nini? Tulihesabu kwamba kila pengo la ukingoni linaweza kutoa mapengo L, lakini mengi kati yake yanarudiwa, pengo lilelile likihesabiwa mara kumi kutoka kingo kumi. Anayetaka kusonga mbele anapaswa kuhesabu marudio hayo. Shalom Eliahou alienda kwa njia nyingine kabisa, na katika makala iliyotoka mwaka 2018 alithibitisha kisio kwa hali zote ambazo kizingiti hakizidi mara tatu ya stempu ndogo kuliko zote. Sehemu ya kisio, si kisio lote. Matokeo mengi ya kazi yetu yana sura hiyo.

Sasa kompyuta inapata kazi yake. Mkusanyiko wa namba zinazolipika huitwa nusukundi ya namba, na tunaweza kuuliza kuna nusukundi ngapi zenye idadi fulani ya mapengo. Zenye mapengo 3 ni nne tu: mapengo yakiwa 1, 2, 3; au 1, 2, 4; au 1, 2, 5; au 1, 3, 5. Thibitisha mwenyewe kwamba hakuna ya tano. Ni zoezi la nusu saa. Ukianza na mapengo 0 na kupanda, idadi ni 1, 1, 2, 4, 7, 12, 23, 39, 67, 118. Ukipata mfuatano kama huo, peleka OEIS, hifadhi ya mifuatano ya namba iliyoanzishwa na Neil Sloane katika miaka ya 1960. Andika namba sita au saba za kwanza, na mara nyingi utakuta mtu ameshapita hapo, pamoja na marejeo ya makala zake. Dakika tano hizo zimewaokoa watu wengi miezi ya kazi.

Maria Bras-Amorós alizitazama namba hizo mwaka 2008 akaona kwamba kila moja ni angalau jumla ya mbili zilizoitangulia (39 na 67 ni 106, nayo 118 inazidi), na kwamba uwiano wa namba na iliyoitangulia unaelekea 1.618 na ushee, uwiano wa dhahabu. Hilo la uwiano lilithibitishwa na Alex Zhai miaka michache baadaye. Lile la kwanza, kwa kila idadi ya mapengo bila kubakiza, bado liko wazi. Hata jambo dogo zaidi, kwamba idadi haishuki kamwe unapoongeza pengo moja, limethibitishwa kwa namba kubwa za kutosha tu, si kwa zote.

Takwimu hizi zina hatari yake. Jean Fromentin na Florent Hivert walipita kwa kompyuta katika nusukundi zote zenye mapengo yasiyozidi 60, ambazo ni zaidi ya trilioni 10, na kisio la Wilf likasimama katika zote. Lakini Eliahou alikuwa na kipimo kikali zaidi cha kwake: kisipokuwa hasi, Wilf anatimia moja kwa moja. Katika zile trilioni 10 na zaidi, kipimo hicho kiligeuka hasi mara tano tu. Tano! Aliyejaribu nusukundi bilioni moja kwa kubahatisha angeapa kwamba hakiwi hasi kamwe. Baadaye Manuel Delgado akatengeneza familia zisizo na mwisho zenye kipimo hasi kadiri utakavyo. (Wilf mwenyewe amepona katika zile tano.) Na si jambo geni. Kisio la George Pólya la mwaka 1919 kuhusu namba zenye idadi shufwa na zenye idadi witiri ya vigawo tasa lilionekana kweli popote watu walipohesabu. Haselgrove alilikanusha mwaka 1958, na mfano kinzani mdogo kuliko yote, uliopatikana mwaka 1980, ni 906,150,257. Kwa hiyo tukiambiwa "nimejaribu hadi milioni", tunaitikia kwa adabu na kuuliza uthibitisho uko wapi.

Kusoma kunakula muda kuliko watu wa nje wanavyofikiri. Makala ya kurasa 20 haisomwi kama gazeti. Ukurasa mmoja mgumu unaweza kukuchukua siku nzima. Usianze mwanzo ukaenda hadi mwisho. Soma muhtasari, utangulizi, kisha thioremu kuu peke yake. Funga makala, uiandike thioremu hiyo kwa mfano mdogo kuliko wote unaoujua, kwa mfano 3, 5 na 7, uone inasema nini juu yake. Kama huwezi, hujaielewa, na kuingia kwenye uthibitisho ni kupoteza wakati. Ukiingia, kila lema, yaani thioremu ndogo ya kusaidia, inapokuja jiulize ingeharibika vipi sharti moja likiondolewa.

Kabla ya kutumia miezi juu ya swali, hakikisha halijajibiwa. Tatizo ni kwamba swali moja hujificha chini ya majina mengi: hili letu utalikuta kama tatizo la sarafu, tatizo la Frobenius, tatizo la kubadilisha pesa, nusukundi za namba, na kwa wanajiometria linatokea kwenye mikunjo bila stempu kutajwa popote. Tafuta kwa majina yote. Kwa aliyeko Dodoma, Eldoret au Bujumbura, ambaye chuo chake hakilipii majarida, hali ni nafuu kuliko zamani: arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, ipo tangu 1991 na ni bure, na zbMATH, yenye muhtasari wa makala za hisabati tangu karne ya 19, ilifunguliwa kwa wote mwaka 2021. Programu za kuhesabia nazo ni za bure: GAP, ambayo ina kifurushi maalumu cha nusukundi za namba kiitwacho numericalsgps, na PARI/GP kwa nadharia ya namba. Hakuna sababu ya kununua chochote.

Mwanafunzi wa uzamivu asikabidhiwe kisio la Wilf. Akabidhiwe familia moja: stempu zinazofuatana kwa hatua sawa, au zile ambazo ndogo yake haizidi namba fulani, au zenye ulinganifu kama 5 na 8, ambapo n inalipika pale tu 27 − n isipolipika. Swali zuri la tasnifu lina dalili tatu: mifano yake inahesabika kwa mkono, hali iliyo rahisi kidogo imeshajibiwa, na hata usipolimaliza utakuwa na nusu inayoweza kuchapishwa. Msimamizi asiyeweza kuonyesha hizo tatu anamtuma mwanafunzi porini bila panga.

Ukikwama, na utakwama muda mwingi kuliko utakavyosonga, kuna mambo ya kujaribu. Ongeza sharti uone kama sasa inawezekana. Punguza unachodai. Leo tafuta uthibitisho, kesho tafuta mfano kinzani kwa nguvu zilezile. Anayetafuta upande mmoja tu hujidanganya. Andika kwa sentensi kamili ni wapi hasa umekwama: si "sehemu ya pili haiendi", bali "nahitaji kujua kwamba marudio ya kingo mbili hayazidi L, na sina sababu". Sentensi ya namna hiyo unaweza kumpelekea mwenzako, na mara nyingi huhitaji hata kuituma.

Kuhusu makosa, mfano wa Alfred Kempe unatosha. Mwaka 1879 alichapisha uthibitisho kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kufanana. Ulikubalika kwa miaka 11, hadi Percy Heawood alipoonyesha tundu lake mwaka 1890. Kempe alikuwa na nchi yenye majirani watano waliotumia rangi zote nne, na ili kuachia rangi moja alibadilishana rangi katika minyororo miwili ya nchi kwa mpigo mmoja. Kila badiliko likiwa peke yake ni halali. Yakifanywa yote mawili, la kwanza linaweza kuubadili mnyororo ambao la pili liliutegemea, na majirani wawili wakatoka na rangi moja. Heawood alichora ramani ambamo minyororo hiyo inakutana, kisha akatumia mbinu ileile ya Kempe kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha. Nne zilisubiri hadi 1976, kwa Appel na Haken na kompyuta yao.

Tundu la aina hiyo, hatua mbili halali zisizo halali zikiwa pamoja, ndilo tunalolikuta mara nyingi katika kuhakiki kazi za wengine. Namna ya kulinasa ni ya kazi ngumu tu: pitisha mfano wenye namba halisi katika kila mstari wa uthibitisho, si mwanzo na mwisho peke yake. Weka alama kila sharti linapotumika. Sharti ambalo halijatumika popote maana yake ama thioremu yako ni kali kuliko ulivyodhani, ama umekosea, na mara nyingi umekosea. Kisha ielekeze hoja yako kwenye dai unalojua ni la uongo. Kama inalithibitisha na hilo, chana.

Kuandika hufanywa kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati, na huanza mapema, wakati uthibitisho bado una mashimo, kwa kuwa kuandika ndiko kunakoyaonyesha. Thioremu kuu iwekwe katika kurasa mbili za kwanza, mfano wake ukiwa umeambatana nayo. Makala iliyokamilika hupelekwa arXiv, ambako anayeingia kwa mara ya kwanza huhitaji kuidhinishwa na mtu ambaye tayari huchapisha hapo, na kisha jarida moja. Moja, si mawili kwa pamoja. Mhakiki huchukua miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, na halipwi. Uhakiki nao una mipaka: jopo la wahakiki 12 lililokabidhiwa uthibitisho wa Thomas Hales kuhusu upangaji wa tufe lilisema lina uhakika wa asilimia 99 tu, jambo lililomfanya Hales aongoze mradi wa kuukagua kwa programu hatua kwa hatua hadi ukamalizika mwaka 2014.

Jarida linalojibu kwa siku saba na kudai dola mia kadhaa likimbie. Majarida mengi yenye heshima katika hisabati hayamtozi mwandishi. Vyuo vyetu vinavyohesabu idadi ya makala kwa ajili ya kupandisha vyeo vimewasukuma watu wengi mikononi mwa wauzaji hao, na makala iliyochapishwa huko hakuna anayeisoma, hata kama ni sahihi.

Ripoti ya mhakiki ikija, jibu kila hoja kwa namba yake, hata ile unayoona ni ya kipuuzi. Mahali ambapo mhakiki hakukuelewa, msomaji wa kawaida naye hatakuelewa, kwa hiyo badilisha sentensi badala ya kubishana. Na kosa likigunduliwa baada ya kuchapishwa, mwandikie mhariri mwenyewe kabla hajaandikiwa na mwingine, eleza ni lema ipi, ni mstari upi, na ni matokeo yapi yanayobaki salama bila hiyo. Jarida litachapisha sahihisho fupi. Kwenye arXiv utaweka toleo jipya, na lile la zamani litabaki hapo pamoja na tarehe yake, likisomeka na yeyote.